Kichupa kililala wapi?

Mlezi wetu hakuwa mwalimu wala bibi mifugo. Alikuwa mkulima wa uwele na karanga kama mama zetu wengine upande ule wa Mvumi, darasa la saba, mwimbaji wa kwaya. Klabu ya vijana ya kijiji alianza kuilea mwaka 1988, kabla sijazaliwa. Mradi uliomkabidhi kazi hiyo ulifunga virago baada ya miaka michache, ukamwachia baiskeli moja na kaunta buku. Mradi ulipoondoka, yeye hakuondoka. Kila Jumamosi saa tisa alasiri alikuwa chini ya mkwaju, awepo mwenzake au asiwepo.

Baiskeli nimeikuta ikiwa na pedali moja. Kaunta buku nimeikuta ya nne.

Ninayoyasimulia ni ya Oktoba 2009. Nilikuwa kidato cha tatu na katibu wa klabu, cheo kilichonivimbisha kichwa. Mradi wetu mkubwa ulikuwa kuku wa kienyeji: mwanachama mpya anapewa mtetea mmoja, akishatotolesha anarudisha mitetea miwili, nayo inakwenda kwa wenzake. Kuku wa Ugogoni wanajua kujitafutia, lakini mdondo ukiingia hawana ujanja. Ni ule ugonjwa ambao wengine huuita kideri: kuku anapinda shingo, anaharisha kijani, na ukiamka banda limebaki manyoya. Hauna tiba. Kuna chanjo tu, tone moja jichoni, na baada ya miezi mitatu unarudia.

Mama Mlezi aliijua chanjo hiyo kwenye viwanja vya Nane Nane, Nzuguni, alikosimama kwenye banda la mifugo hadi wenye banda wakamchoka. Tangu hapo alikuwa akiifuata mjini kwa basi na kurudi nayo ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Alikuja kutueleza kuwa hii ya I-2 inastahimili joto kuliko zile za zamani. "Lakini kustahimili joto si kuanikwa juani," alisema. Kijijini hakukuwa na friji. Maagizo yakawa haya: kichupa kifungwe kwa kitambaa kibichi, kilale chini ya mtungi wa maji, na uchanjaji ufanyike alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa.

Tuligawana vitongoji. Cha kwetu nikapewa mimi, kwa kuwa ni katibu.

Usiku ule kulikuwa na harusi kitongoji cha pili. Anayejua ngoma ya muheme, wanawake wameshikilia ngoma mapajani na vumbi linapanda, hataniuliza kwa nini sikurudi mapema. Kichupa nilikuwa nacho mfukoni mwa shati. Nilipopata joto nikalivua shati, nikalitundika kwenye ua wa miiba, nikalisahau. Niliamka kesho yake saa nne, jua limeshakolea. Shati nilikwenda kulichukua saa nane mchana. Kichupa kilikuwa cha moto mkononi kama yai lililotoka kuchemshwa.

Bado ningeweza kusema. Ni mwendo wa nusu saa tu hadi kwake.

Badala yake nilisubiri kuku warudi bandani jioni, nikapita nyumba kumi na tisa nikidondosha matone. Kuku mia moja arobaini na tatu, shilingi hamsini kila mmoja, jumla shilingi 7,150. Nikaandika kwa mwandiko wangu bora: "Kazi imekamilika." Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, hilo sina wasiwasi nalo.

Wiki ya tatu kuku wakaanza kufa. Vitongoji vingine walikuwa wazima. Kwetu ndiko kulikovuma nzi. Maneno yakaanza kisimani: dawa ya yule mama ndiyo inayoua kuku, si ndio wale wale wanaokula hela za mradi. Wakati huo mradi ulikuwa na miaka zaidi ya kumi haupo, lakini hela zake zilikuwa bado zinaliwa vinywani mwa watu.

Alikuja nyumbani jioni. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akafungua kaunta buku magotini, akapitisha kidole kurasa za wenzangu, kisha akafika zangu.

"Kichupa kililala wapi?"

"Chini ya mtungi."

Akanitazama kidogo. "Haya. Kesho alfajiri uje na jembe."

Nilidhani nakwenda kulima shambani kwake kama adhabu. Tukaanza nyumba ya kwanza. "Mbukwenyi," alisalimu, akachuchumaa mlangoni mwa tembe, akasema: "Dawa tuliyowaletea iliharibika kabla ya kuwafikia. Tumekuja kurudisha hela, na huyu kijana atawachimbia shimo mfukie mizoga." Akafungua pindo la khanga, akahesabu sarafu. Hela za klabu zilikuwa kwa mweka hazina, nazijua hadi senti; hizi hazikutoka huko.

Nilisikia ile "tu". Tuliyowaletea. Tumekuja. Nikachimba nikiwa nimeinamisha uso, na ardhi ya kwetu mwezi wa kumi ni kama sakafu ya saruji.

Nyumba ya tano mzee mmoja alizitupa sarafu chini. "Hamsini! Kuku mmoja elfu sita, wewe unanipa hamsini!" Akamtukana matusi ambayo sitayaandika, akiwa mkubwa kwake kwa miaka michache tu. Mama Mlezi akaziokota sarafu moja moja, akazipanga juu ya kinu, akamwambia, "Ni kweli, baba, hazitoshi." Nyumba ya sita tulikaribishwa nyama ya kuku "aliyeumwa kidogo tu." Hakuwalaumu, akauliza matumbo na manyoya yametupwa wapi, nami nikatumwa kuyazoa na kuyafukia. Hadi leo siwezi kusema kama mate yalinitoka kwa kichefuchefu au kwa njaa.

Nyumba ya saba alipofika kwenye "tuliyowaletea," nikadakia. "Ni mimi. Dawa nilikuwa nayo mimi, niliiacha juani."

Hakugeuka kunitazama. Bibi mwenye nyumba alinyamaza, kisha akaonyesha nyuma ya zizi: "Basi chimba kule, tena kina kirefu, fisi wasifukue." Tangu hapo mlangoni nilisema mimi. Mama Mlezi alikuwa anasalimu, anahesabu hela, anakaa.

Ilituchukua siku mbili. Sasa niko Dodoma mjini, nauza pembejeo za kilimo na dawa za mifugo. Miaka miwili iliyopita alinipigia simu: magoti yanamsumbua, je, ningeweza kufika Jumamosi moja moja kumsaidia vijana? Nikamwambia Jumamosi ndiyo siku ya biashara. Ni kweli ndiyo siku ya biashara.

Nyumba ya kumi na tisa ilikuwa ya kwetu. Mama alikuwa amepoteza kuku kumi na mmoja, akiwemo jogoo wa Krismasi. Alinisikiliza hadi mwisho, viganja vyangu vimechubuka, nikiwa bado nimeshika jembe. Akapokea shilingi mia tano hamsini, akazihesabu mara mbili, akazifunga pindoni bila haya. Kisha akamgeukia mwenzake.

"Mwenzangu, huyu mchukue tu. Akalale kwako."

Mama Mlezi akacheka, mara ya kwanza kwa siku zote mbili, hadi akashika kizingiti.

"Nimlaze wapi?" akasema. "Chini ya mtungi?"