Siku yangu moja hapa Mbeya, Igawilo hadi Mwanjelwa na kurudi

Saa 10:45 alfajiri alamu inalia. Mwezi wa saba huu, mtu wa Dar ukimwambia maji ya ndoo yanaua mikono ganzi anaona unatia chumvi. Naoga pasipoti saizi, msinihukumu.

Saa 11:20 natoka, ukungu umelala kwenye migomba hata njia siioni vizuri. Bibi jirani yuko nje anafagia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, ugonile?" Ndo umelalaje hiyo, kwa Kinyakyusa.

"Ndaga bibi," yaani asante.

Ananipa ndizi mbili za kuchemsha kazifunga kwenye jani, bado za moto, naziweka mfuko wa koti nipashie vidole mpaka stendi ndo nizile.

Saa 12 Uyole na hapa ndo siku yangu inaliwa jamani, barabara ya Tukuyu inakutana na ile ya Dar–Tunduma, malori ya Zambia yamejipanga, halafu tangu waanze kujenga njia nne toka Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, mara upande huu umefungwa mara ule, konda nae anapiga kelele songeni nyuma na huko nyuma nimekalia nusu tako.

Saa 2 nafungua kibanda Mwanjelwa. Nashona. Saa 5 umeme huo ukakata, ovaloki imenyamaza na vitenge vya kwaya vinatakiwa kesho, nikarudi kwenye cherehani ya kukanyaga. Saa 8 mama mmoja kaja, "dada, nguo yangu?" Nikamjibu imebaki zipu tu mama. Kitambaa hata mkasi hakijaonja, mafundi wenzangu mnanielewa.

Saa 11 jioni Kabwe tunagombania Hiace, saa 1 kasoro nashuka Igawilo. Wenzangu wa Soweto ya hapa mjini wananiuliza kila siku si uhamie huku dada, ila kodi ya chumba kimoja kwao mimi huku nina viwili na kibustani cha mchicha, na usiku nasikia mbwa na redio ya mbali basi, hakuna baa ukutani kwangu.

Nabandika maharage, napita kwa bibi kumpelekea vipande vya vitenge anavyojazia mto wake. Leo kavikataa vyekundu, eti vitamuotesha ndoto mbaya.