Dhiraa Moja na Vidole Vinne

Siku niliyofanya mtihani wa somo la mazingira, mwaka wa pili chuoni hapa Mwanza, kuna swali nililijibu mpaka nikasikia fahari. Lilitaka tueleze kwa nini sheria ya uvuvi ya Tanzania inakataza sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25. Nikaandika kurasa mbili: samaki mchanga hajazaa, ukimvua kabla hajazaa umevua na wanawe. Jioni ile ile nikapita sokoni, nikanunua fungu la sangara sita kwa shilingi elfu tatu. Wote sita walienea kwenye sahani moja. Nikawakaanga, nikala na ugali, na wala jambo la asubuhi halikunijia.

Lilinijia siku matokeo yalipotoka. Nilikuwa nimepata alama zote za swali lile, na jikoni kwetu kulikuwa na fungu jingine linasubiri mafuta yachemke. Nilisimama pale nikiwaangalia samaki wale kwa muda mrefu. Sikuwa mnafiki, na sikuwa nimesahau nilichosoma. Ni kwamba sokoni nilikuwa nakwenda na bei tu kichwani. Ile habari ya sentimita ilikaa kwenye daftari, na daftari silibebi kwenda kununua kitoweo.

Likizo ile nilipanda meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria, kwa mjomba wangu. Mjomba ni mvuvi tangu ujana wake, anatega nyavu za makila usiku na kurudi mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, alfajiri. Nikamweleza kilichokuwa kinanisumbua. Hakunijibu kwa maneno. Kesho yake aliporudi ziwani aliniita, akaweka sangara wawili juu ya ubao. Mmoja alikuwa mkubwa, urefu wake unakaribia mita. Mwingine alikuwa mdogo, aliyenasa kwa bahati mbaya. Akampasua yule mkubwa kuanzia chini ya mapezi, na matumbo yalipotoka yakafuatiwa na mifuko miwili mirefu ya mayai, ya njano iliyopauka, iliyovimba hadi mishipa ya damu ikaonekana juu yake. Akaitoboa kwa ncha ya kisu. Mayai yakatiririka ubaoni, madogo kuliko punje za ulezi, yasiyohesabika. Kitabuni nilikuwa nimesoma kwamba jike mkubwa anaweza kutaga mamilioni. Pale nikayashika. Yalinata vidoleni, na mengine yakaingia chini ya kucha.

Kisha akampasua yule mdogo. Ndani hamkuwa na kitu, uzi mwembamba tu.

"Huyu hajazaa hata mara moja," mjomba akasema. "Na huyu mkubwa leo nimemkatisha. Ningependa nisimkatishe, ila nina watoto wanasoma. Lakini angalau alishaacha kitu ziwani."

Majike wengi wa sangara huanza kutaga wakiwa wameshapita hizo sentimita 50, kwa hiyo kipimo cha sheria ni cha chini kabisa, wala si cha anasa. Mjomba alinionyesha kasia lake: karibu na mpini amechora alama mbili kwa msumari, moja ya sangara na moja ya sato. Nikamwambia mimi sokoni sitabeba kasia. Akacheka, akasema wazee walipima kila kitu kwa mwili, sisi tumeacha. Mkewe ni fundi cherehani. Akatoa futi yake, akanipima mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati: sentimita 44. Vidole vyangu vinne vikibanwa pamoja ni kama 7. Basi sangara wangu ni dhiraa moja na vidole vinne, kutoka mdomo hadi mwisho wa mkia. Shubiri yangu, kutoka dole gumba hadi kidole cha mwisho nikitanua kiganja, ni sentimita 20, kwa hiyo sato ni shubiri moja na vidole vitatu. Nikarudia mara kadhaa pale uani, juu ya magogo, juu ya ndala, mpaka mkono ukazoea.

Nadhani hilo ndilo lililonibadilisha kuliko mihadhara yote. Nilichokijua kilipata mahali pa kukaa ambapo siwezi kukisahau nyumbani.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi nikaenda kwa mama ninayenunua kwake samaki siku zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikufungie fungu?"

"Leo naomba kupima kwanza."

Nikalaza mkono juu ya meza, pembeni ya samaki mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyefika. Mama akaniuliza kama napima samaki au napima kitambaa cha gauni. Nikamweleza. Alisikiliza kwa utulivu, kisha akafunua gunia lililolowana chini ya meza, akanionyesha sangara mzima, mnene, aliyepita mkono wangu kwa mbali. Alitaka elfu kumi na nane. Mfukoni nilikuwa na elfu nne. Nikamshukuru, nikanunua tembele na nyanya, nikaondoka.

Hapo ndipo panapowashinda vijana wengi, na sipendi kupapita haraka. Ukisoma yanayoandikwa kuhusu vijana na mazingira, unaweza kudhani kinachokosekana ni elimu tu. Darasani kwetu tulikuwa zaidi ya mia, wote tunajua. Lakini mwanafunzi anayeishi kwa boom, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa chuo, na boom lenyewe likishakatika wiki ya tatu, anauziwa samaki sita wachanga kwa bei isiyofika hata robo ya mkubwa mmoja. Anayewavua naye ana watoto. Anayewauza naye alikopa asubuhi. Ujuzi wangu ulikuwa sahihi, na bado nililala na tembele.

Tunaishi wanne geto. Nilipowaambia kwamba sitaki tena kununua sangara wachanga, mwenzangu mmoja alinipa hoja ambayo hadi leo naiheshimu: "Samaki ameshakufa. Wewe kumwacha mezani hakumfufui." Sikuwa na jibu la haraka. Aliyelijibu ni mwenzetu anayetoka Kigoma. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, miezi mitatu kamili, ili samaki wapate kuzaliana. Alisema kwao walikula maharage hadi watoto wakayachoka, na migebuka, samaki wa ziwa lao, ikawa kitu cha kuzungumzia tu. "Huku hamjafungiwa," akasema, "ndiyo maana mnaona samaki aliyeko mezani ni yeye peke yake. Kila unayemnunua leo, mtu anakwenda kumletea mwenzake kesho." Tulinyamaza kidogo. Kisha yule wa kwanza akauliza: huyo mkubwa ni shilingi ngapi tukichanga?

Tukaanza kuchanga. Elfu nne au tano kila mmoja, Jumamosi, na mama sokoni anajua tunakuja. Samaki mmoja wa dhiraa na ushee, kama kilo moja na nusu au zaidi, anatulisha wanne kwa siku mbili tukimpanga vizuri. Hatuna friji, kwa hiyo kichwa na mifupa vinapikwa supu siku hiyo hiyo kwa ndimu na pilipili, na minofu yote tunaikaanga ikauke vizuri. Jumapili inaingia kwenye mchuzi wa nazi. Tulipopiga hesabu tuligundua kwamba katika mafungu ya samaki wachanga tulikuwa tunanunua vichwa na miiba zaidi ya nyama. Mkubwa ana nyama. Tofauti ya bei ipo, lakini si kubwa kama ilivyoonekana pale mezani.

Siku za katikati ya wiki tulihamia kwenye dagaa, na huku nako nilikuwa na la kujifunza. Dagaa wa Ziwa Victoria wanakua haraka na kuzaliana ndani ya muda mfupi, kwa hiyo ziwa linawavumilia wavuvi kuliko linavyowavumilia kwa sangara. Kwa uzito, siku hizi ndio wengi katika kinachovuliwa ziwani. Wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika na bei inapanda. Hilo nilijua tangu utoto. Nisilolitilia maanani ni mchanga wa ufukweni.

Dagaa wengi wanaanikwa ufukweni, chini kabisa kwenye mchanga. Mvua ikiwakuta hawajakauka wanaoza, na wanaishia kuwa chakula cha kuku. Wengine wanaanikwa juu ya chanja, nyavu zilizoinuliwa kwenye miti, hewa inapita juu na chini, na mvua ikija wanafunikwa upesi. Kule Kirumba, kwenye soko la Mwaloni, utawakuta wa aina zote mbili, na wa chanja wanazidi bei. Zamani nilichagua wa mchanga bila kufikiri. Safari hii nikanunua kilo moja ya kila aina, nikaomba mizani kwa mwenye duka jirani. Wa mchanga niliwapepeta kwenye ungo, nikawasafisha vizuri, nikatoa waliovunjika na kuchacha. Nilichobaki nacho hakikufika gramu mia nane. Wa chanja walikuwa karibu kilo ileile, wanang'aa fedha, na ukiwatafuna husikii ule mkwaruzo wa meno. Wenzangu hawakuhitaji hotuba. Walikula, wakaniambia tusirudi tena kwa wale wa mchanga.

Mjomba alinihadithia jambo jingine jioni moja tukiwa tumekaa nje. Baba yake alikula furu, vile visamaki vya rangi rangi vilivyokuwa vimejaa ziwani kwa mamia ya aina. Sangara aliletwa na wakoloni miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akatulia, kisha miaka ya 1980 akafumuka na kuwala. Aina nyingi za furu zilipotea. Hata sato tunayemwita wetu aliletwa. Ngege, wa asili, siku hizi ni wa kutafutwa. Mjomba alisema hivi bila hasira, huku akishona wavu. Lakini mimi nilikaa na swali: ikiwa samaki aliyemaliza wengine sasa naye anavuliwa akiwa mchanga, tutabaki na nini sahani ikija mezani? Mama yangu alipenda kutuambia kwamba mtu wa Mwanza hafi njaa kwa kuwa ziwa lipo. Nataka maneno hayo yabaki kweli kwa watakaokuja baada yangu.

Si kila wiki tumeweza. Mwezi Machi boom lilichelewa, na nilinunua fungu la sangara wachanga nikijua kabisa ninachofanya, kwa sababu kulikuwa na elfu mbili na watu wanne. Niliumia, nikala. Vipande vilivyokwishakatwa navyo vinanisumbua, maana urefu wake umeshapotea. Nimejifunza kuangalia unene wa uti wa mgongo na ukubwa wa magamba, na nikitilia shaka naacha. Na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, samaki nambebea kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, jambo ambalo kwa kweli ni bora kuliko ule mfuko uliokuwa unavuja kwenye daladala.

Wiki mbili zilizopita nilimkuta yule mama sokoni na wateja wawili, vijana kama mimi. Mmoja alikuwa ameshika sangara, anauliza bei. Mama akamwambia asubiri. Akasogeza khanga mkononi, akalaza mkono wake mwenyewe kando ya samaki, kiwiko kwenye mkia. Mkono wake ni mfupi kuliko wangu. Akaongeza vidole vinne vya mkono wa pili, kisha akaniangalia.

"Mimi vinne havitoshi, eeh?"

"Ongeza na dole gumba, mama."

Akaongeza. Samaki akafika.