Kila mtu na chake

Nimeamka saa tisa usiku kwa sababu ya maneno saba. Nimeyahesabu kwa vidole gizani, Baba Naima akikoroma pembeni kama hakuna lililotokea. "Si neno, mwanangu. Kila mtu na chake." Saba.

Aliyasema Bi Hidaya, Jumamosi asubuhi, kwenye ukuta wetu wa pamoja, upande ule wa makopo yake ya mirehani. Wale mliokuwapo wakati wa sakata la tangi mnamjua. Ndiye yule aliyetupa maji wiki mbili nzima kwa mpira uliopitishwa juu ya ukuta huohuo, na nilipompelekea hela ya bili akaikunja na kumrudishia Naima, eti anunue daftari.

Sasa mnisikilize nilichofanya.

Alhamisi ndiyo siku yangu ya kufanyia kazi nyumbani. Nilikuwa kwenye kikao cha mtandaoni, nawasilisha hesabu za robo mwaka mbele ya bosi na wageni wawili, mtandao ukaganda. Siyo kukatika, kuganda. Baadaye mwenzangu akaniambia, "Tulikuona umefumba jicho moja, mdomo wazi, kama dakika nzima. Bosi akasema tumsubiri tu." Tumsubiri tu! Nilifunga laptopu damu inachemka, nikaamua leo ndiyo leo, nijue nani anakula intaneti ninayoilipia elfu hamsini na tano kila mwezi.

Nikaigeuza ruta kichwa chini kusoma stika yake. Maandishi yale wameandikiwa sisimizi, ikabidi niyapige picha na kuyavuta. Anwani ya ruta: 192.168.100.1. Mara ya kwanza niliiandika Google nikaletewa mafunzo ya Wahindi. Kumbe inaandikwa juu kabisa ya kivinjari, pale panapokaa anwani, na lazima uwe umeshaunganishwa na waifai yenyewe. Nikaingia. Vifaa 11 vimeunganishwa. Vya kwetu nilihesabu 7, pamoja na ile tableti ya Naima yenye kioo kilichopasuka. Vinne sivijui. Kimoja kimeandikwa Infinix, kingine TECNO, viwili havina jina, ni herufi na namba tu za anwani ya kifaa, na hata hizo namba si za kutegemea, maana tangu Android 10 simu hujivika anwani ya bandia kwenye kila waifai inayoingia. Yaani wageni wamekaa sebuleni kwangu na barakoa.

Infinix niliijua. Ni ya Idrisa, mjukuu wa Bi Hidaya. Yuko kidato cha nne, mtihani Novemba, na ni mimi mwenyewe niliyempa paswedi mwaka jana ili apakue mitihani ya miaka ya nyuma. Paswedi yenyewe ilikuwa jina la Naima na mwaka aliozaliwa. Nadhani mpaka muuza mkaa alikuwa nayo.

Sikumuuliza Idrisa. Hapo ndipo kosa lilipo, na nilijua ni kosa hata vidole vikiwa vinaandika. Ruta inataka herufi zisizopungua 8, mwisho 63. Nikaandika kwa hasira, herufi ndogo, bila nafasi: kilamtunachake. Herufi 14. Nikajiona mtunzi. Nikaibadilisha kote, kwenye waifai zote mbili zinazorushwa na ruta, ile ya gigahezi 2.4 na ile ya 5, maana ukibadilisha moja tu, kwenye nyingine watu wanaendelea kuingia kwa paswedi ya zamani. Ile ya 5 haivuki tofali vizuri. Inayofika kwa Bi Hidaya ni ya 2.4. Nililijua hilo, nikaifungia kwa raha zangu.

Adhabu ya kwanza ilikuja jioni ileile. Ukibadilisha paswedi kila kitu kinatolewa nje, na televisheni nayo. Nikakaa kwenye kochi na rimoti, naandika kwa mishale: k, shuka, kulia, kulia, i... Kuandika kijembe herufi moja moja kwa rimoti huku mume anakutazama ni kazi ya kudhalilisha. Nilipofika "chake" akauliza, "Hiyo ndiyo paswedi?" Nikamwambia angalia taarifa yako ya habari.

Haya. Jumamosi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje huko?"

"Salama. Mguu unaendeleaje?"

"Upo. Baridi ikija unanikumbusha umri."

Pangeishia hapo nisingekuwa macho sasa hivi. Lakini dhamira mbaya haikai kimya. Nikaanza mwenyewe, bila kuulizwa: "Bibi, ile intaneti tumeibadilisha kidogo. Ilikuwa inanisumbua kazini." Alikuwa na ufagio wa chelewa mkononi. Akafagia mara mbili, fyaa, fyaa. Halafu akasema, "Si neno, mwanangu." Akavuta pumzi. "Kila mtu na chake." Akaendelea kufagia.

Moyo ukaniruka.

Ni msemo tu. Watu wanausema kila siku, dukani, kwenye daladala, hata mimi nausema. Lakini Bi Hidaya ni mtu wa Tanga. Mtu wa Tanga hadondoshi neno, analiweka. Na ile pumzi? Kama ni msemo wa kupita, pumzi ya nini? Nimejaribu kuusema mwenyewe bafuni, kwa pumzi na bila pumzi. Bila pumzi unamaanisha usijali. Kwa pumzi unamaanisha nakujua. Jumapili nilifikia hatua ya kusoma kanga zake kwenye kamba. Moja ilikuwa imeanikwa juu chini, nikasimama dirishani nimepinda shingo kama kuku mpaka Naima akaniuliza naangalia nini. Jina la kanga lilikuwa la kumshukuru Mungu. Halikunisaidia kitu.

Jumatatu barua ya uhamisho wa Baba Naima ilitoka, Dodoma, kuanzia mwezi ujao, hilo nitaliandika nikipata nguvu. Jumanne akaja fundi.

Maana, na hapa ndipo nilipoanza kujichukia rasmi, baada ya kuwafukuza wageni wote mtandao haukubadilika. Ulikuwa mzito vilevile. Fundi, kijana mdogo, viatu kavua mlangoni, akauliza swali moja: "Dada, mmehamisha samani karibuni?" Tulivuta kochi siku ya Idi, ndugu walikuwa wengi. Akalisogeza. Waya wa faiba, ule mwembamba mweupe, ulikuwa umekandamizwa na mguu wa kochi, umekunjika kama kiwiko.

"Huu siyo waya wa pasi, dada. Ndani ni kioo, kinapitisha mwanga. Ukiukunja hivi mwanga unavujia nje kwenye kona."

Akachomeka kifaa chake cha kupimia. Mainasi 27. Akaunyoosha, akauzungusha kwenye duara pana, akaubandika ukutani kwa gundi. Mainasi 19. Kwa hesabu zao, kadiri unavyokaribia sifuri ndivyo mwanga ulivyo mwingi. Mimi mhasibu, namba za mainasi ndiyo mkate wangu, lakini sijawahi kuona mainasi inayonisuta vile. Nilikuwa nimelikalia tatizo langu. Kwa makalio.

Na kabla hajaondoka nikamwonyesha ile orodha niliyokuwa nimeipiga picha Alhamisi. Akacheka. "Hii isiyo na jina ni king'amuzi chenu hichi hapa." Basi wageni wanabaki watatu, na mmoja kati yao alikuwa akisoma Fizikia.

Nikasema jioni naenda kuomba radhi na kumpa Idrisa paswedi mpya. Nikachukua kikaratasi niandike, kalamu ikagoma. Nitaandikaje? Nisimame kwenye baraza ya mwanamke aliyeninywesha maji wiki mbili, nimwambie mjukuu wake: andika, mwanangu, kila mtu na chake, herufi ndogo, usiache nafasi?

Nikaamua niibadilishe tena kwanza, niweke kitu cha maana, karibuni sana au vyovyote. Nikamwita Naima ili ajiandae kuunganisha upya televisheni, mimi rimoti sishiki tena.

Naima, bila kuinua uso kwenye daftari: "Ukibadilisha itabidi nimpe tena Idrisa."

"Umpe tena nini?"

"Paswedi. Nilishampa."

"Lini?"

"Ijumaa."

Ijumaa! Siku moja kabla ya ufagio. Nikakaa chini. Nikamwuliza alimpaje, alimtajia? Akaniambia hapana, alimskanisha tu ile miraba myeusi kwenye simu. Nikapata matumaini kidogo, kwa sababu anayeskani haandiki kitu, simu inaingia yenyewe. Nikafungua simu yangu nione anachokiona mtu. Mipangilio, waifai, shiriki. Miraba ikatokea, na chini yake, kwa herufi safi ambazo hata mtu mwenye mtoto wa jicho angesoma: kilamtunachake.

"Alisoma hapo chini?"

"Sijui. Alicheka."

"Alicheka nini?"

"Mama, na wewe! Alicheka tu. Mi mwenyewe nilijua ni utani."

Kwa hiyo Jumamosi, mimi nikiwa ukutani nampa Bi Hidaya habari za kubadilisha kidogo, waifai yangu ilikuwa inawaka ndani kwake, pengine simu iko kwenye mfuko wa dera lake, inapokea picha za maua na dua za asubuhi kutoka kwa dada zake wa Pangani. Na kilichotoka kinywani mwake, kati ya maneno yote ya Kiswahili, kikawa paswedi yangu.

Hapo nikacheka, jamani. Nilicheka mpaka Baba Naima akatoka chumbani. Tangu Jumamosi nimeusikia ule mstari kama kofi, na sasa naurudia naona kitu pembeni ya mdomo wake ambacho sikukiona siku ile, au nimekiweka mwenyewe baadaye, sijui. Inawezekana bibi yule alikuwa ananitania. Inawezekana alikuwa anahakiki tu kama ameambiwa sawasawa. Inawezekana Idrisa hakumwambia kitu na mimi nina kichaa.

Jana magharibi Idrisa akaja na mkate wa kumimina umefunikwa kawa. "Bibi anasema mwonje." Nilimwangalia machoni, mtoto akaangalia vidole vya miguu yake. Nikamwuliza mtandao unaendaje huko. Akasema, "Siku hizi una kasi, mama Naima." Una kasi!

Paswedi sijaibadilisha. Nikiibadilisha sasa ni sawa na kumtangazia Bi Hidaya kwamba nimejua kuwa anajua. Nikiiacha, kila ndugu atakayekuja kutuaga kabla ya Dodoma itabidi nimtajie. Sahani yake ninayo jikoni, nimeiosha, na haiwezi kurudi tupu. Nafikiria visheti, ila visheti vyangu mnavijua.

Sasa ni saa kumi na nusu, adhana ya kwanza imeshapita na usingizi sina. Jana mchana mama alinibipu mara mbili kutoka Songea. Nikampigia, ikaita mpaka ikakata, jioni tena vilevile. Mama habipu mchana. Mchana yuko shambani na simu huiacha juu ya kabati. Nitapiga saa kumi na mbili, kabla hajatoka.