Jinsi nilivyochora mnara wa saa ya jua wa kumkumbuka rafiki yangu

Kaburi la Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, liliwekewa tufe na mcheduara, maumbo ya hesabu yake mwenyewe. Nami nilitaka mnara wa rafiki yangu, mwalimu wa elimu ya anga ninayemstahi mno, ufanye kazi aliyoipenda: kusoma jua. Nikachora saa ya jua kwa ajili ya Dar es Salaam.

Pezi la pembetatu la saa za jua za Ulaya, yaani kipande kinachotupa kivuli, halitufai. Mwinamo wake hufuata latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka ikweta kwa nyuzi, na kwa nyuzi 6.8 kusini hulala karibu chini kabisa. Nilichagua bamba la zege lililoinuliwa kidogo upande wa kusini, nyuzi hizohizo 6.8, na pezi la chuma cha pua likisimama katikati, kaskazini hadi kusini. Hapo mistari ya saa huwa sambamba. Umbali wa kila mstari kutoka kwenye pezi ni kimo cha pezi mara tanjenti ya pembe, na pembe hiyo huongezeka nyuzi 15 kwa kila saa kabla au baada ya saa sita mchana. Kwa pezi la sm 20 unapata sm 5.4, 11.5, 20 na 34.6. Mstari wa tano unadai sm 74.6, kwa hiyo niliishia saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, bamba likawa sm 80 kwa 40.

Unene wa pezi ndio unaoharibu michoro mingi. Langu ni sm 1. Mistari ya asubuhi hupimwa kuanzia ukingo wa magharibi wa pezi, ya mchana kuanzia ukingo wa mashariki. Ukipima yote kutoka katikati, karibu na adhuhuri saa inakosea zaidi ya dakika tano.

Kaskazini usiitafute kwa dira, nondo za zege huivuta. Simamisha kijiti wima, weka alama za vivuli viwili vya urefu sawa, asubuhi na alasiri, kisha gawa pembe kati ya vivuli hivyo katikati; mstari unaoigawa ndio wa kaskazini-kusini.

Saa hii hubaki nyuma ya saa ya mkononi, wastani dakika 23, kwa kuwa jiji liko nyuzi 39.3 mashariki na saa zetu rasmi hufuata jua la nyuzi 45 mashariki. Katikati ya Februari hufika 37, mwanzoni mwa Novemba hushuka hadi kama 6. Jedwali la tofauti hizo litachongwa kando.

Jina lake nimeliweka uso wa kusini. Msomaji akisimama kaskazini mwezi Juni, kivuli chake mwenyewe hulifunika bamba adhuhuri.