Nilivyofuatilia ukoo wa Armstrong mpaka mpakani mwa Scotland

Mume wangu ni Armstrong wa Newcastle, England, na watoto wetu wanabeba hilo jina, sasa mi nimezaliwa Tanga, kwetu mtoto anatajiwa mababu zake angali mdogo, nikaona lazima niwatafutie na hawa wa upande wa baba.

Nilianza kwa mama mkwe, nikaandika kila anachokumbuka, ndo nikaingia intaneti. England vyeti vya serikali vya kuzaliwa na ndoa vinaanzia 1837, sensa zenye majina ya watu zinaanzia 1841 kila baada ya miaka 10, ile ya 1931 usihangaike nayo iliungua moto 1942. Cheti cha ndoa ndo dhahabu, kinakupa jina la baba na kazi yake, unalipeleka kwenye sensa unapata alikozaliwa, unarudi tena kwenye cheti kingine, hivyo hivyo mpaka 1837, nyuma ya hapo ni vitabu vya ubatizo vya kanisa na humo jina limeandikwa kila namna, Armstrang, Armestrang, usiruke hata moja.

Njia hiyo ikanifikisha Cumberland, upande wa England kando kabisa ya mpaka na Scotland, na hapo ndo nikawaelewa. Miaka ya 1500 kina Armstrong walitawala bonde la Liddesdale upande wa Scotland, wapanda farasi hodari, wanavuka usiku kuiba ng'ombe na wao wanaibiwa, wafalme wa pande zote mbili hawawawezi. 1530 mfalme James V wa Scotland akamkamata Johnnie Armstrong wa Gilnockie akamnyonga na watu wake pale Carlanrig, inasimuliwa kwamba alikwenda akijua kaitwa kwa amani, yaani iliniuma kama ndugu yangu. 1603 mfalme wa Scotland akarithi na kiti cha England, mpaka ukasafishwa kwa nguvu, wengi wakanyongwa wengine wakahamia Ulster, kaskazini mwa Ireland, hasa Fermanagh, na kutoka Ulster watu wakaendelea mpaka Marekani. Neil Armstrong aliyekanyaga mwezi 1969 alikuja Langholm, mji wa Scotland karibu na mpaka, 1972 akapewa heshima ya kuwa mwananchi wa mji, nimefika pale, bado wanajivunia.

Ila msiunganishe watu kwa jina tu jamani. Lance Armstrong wa baiskeli alizaliwa akiitwa Gunderson, Armstrong ni jina la baba wa kambo. Na Louis Armstrong mpiga tarumbeta wa New Orleans, Wamarekani weusi wengi majina ya ukoo yametokana na utumwa, huwezi kumpachika Liddesdale kwa sababu ya jina peke yake.

Hapa Newcastle mzozo wetu ni William Armstrong, tajiri wa viwanda aliyezaliwa 1810, yule ambaye nyumba yake ya Cragside iliwashwa taa kwa umeme wa maji. Mama mkwe anasema ni wetu kabisa. Baba yake kweli alitoka Cumberland, lakini karatasi inayomuunganisha na sisi sijaiona, kwa hiyo kwenye mti wa ukoo sijamwandika, na mama nimemwambia hivyo kwa heshima zote.