Kuitikia kwa macho

Jumapili, usiku

Leo nimerudi Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mara ya pili, kwa sababu mahojiano niliyorekodi wiki mbili zilizopita yaliharibika. Picha ilikuwa nzuri: babu, fundi wa majahazi, amekaa ubavuni mwa jahazi ambalo halijakwisha, jua la asubuhi linampiga upande mmoja wa uso, nyuma yake bahari. Nilipofika nyumbani nikavaa hedifoni, ndipo nikajisikia mwenyewe. "Naam." "Ehe." "Kumbe!" Kila baada ya maneno manne ya babu, sauti yangu imekaa juu ya yake. Pale anapoeleza kukalafati, jinsi pamba inavyolowekwa mafuta na kushindiliwa kwenye mianya ya mbao, sikupata hata sentensi moja ya kuikata ikabaki nzima.

Nimeliwaza sana jambo hili. Sisi tumelelewa kuitikia. Mtu mzima akizungumza nawe ukakaa kimya, ataona humsikilizi, pengine umemdharau. Mafunzo ya video niliyoyaona intaneti yanasema tu unyamaze, kana kwamba kunyamaza mbele ya mzee ni jambo jepesi.

Kwa hiyo leo, baada ya shikamoo na kahawa, nilimweleza kabla sijawasha kamera. "Babu, leo nitakuitikia kwa macho na kichwa. Ukiona niko kimya, ujue nakusikiliza."

Akafikiri kidogo. "Haya, mwanangu. Lakini usitazame mtambo wako. Nitazame mimi."

Kweli, siku ile nilikuwa nachungulia skrini muda wote. Safari hii niliisimamisha kamera kwenye stendi, nikafunga fokasi, nikakaa karibu kabisa na lenzi, macho yangu usawa wa macho yake. Maiki niliibana nje ya kanzu, maana ndani ya kitambaa inakwaruza, nikaivika kifuniko cha manyoya kwa ajili ya upepo. Fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50 ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50 na vinginevyo taa ya bandani ingemetameta kwenye picha.

Maswali pia niliyabadilisha. Mara ya kwanza nilimuuliza kama anaipenda kazi yake, akajibu "Ndiyo," basi. Leo nikamwambia, "Babu, nihadithie siku ya kwanza uliposhika tezo," chombo chake cha kuchongea mbao.

Akahadithia, akamaliza. Swali la pili lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalizuia, nikahesabu moyoni hadi tano. Babu akakitazama kiganja chake, akakisugua kwa kidole gumba cha mkono wa pili, taratibu, kisha akasema: "Unajua, kabla ya tezo nilikuwa navuta upinde wa keekee tu, kutobolea mbao. Nikavuta, nikavuta, hadi nikaujua mti kwa mlio wake."

Nilitamani sana kusema "Kumbe!" Nikainamisha kichwa tu. Naye akaendelea, karibu dakika sita bila kukatika, na zote ninazo.

Mwisho nikaomba sote tunyamaze nusu dakika, nirekodi sauti ya mahali penyewe.

"Ya nini?"

"Nikikata maneno, babu, panabaki mwanya. Naujaza kwa sauti hii."

"Kama pamba?"

"Kama pamba, babu."

Akacheka, akaweka mikono magotini, akanyamaza kabla hata sijamwambia nimeanza.