Amri za Inkscape kwa Kiswahili cha karakana: nilivyozipa majina Lamu

Karakana ya nakshi za milango mjini Lamu ilitaka michoro yake ipitie kwenye kompyuta kabla ya kubandikwa kwenye ubao na kuchongwa. Tulichagua Inkscape, programu ya kuchora, kwa kuwa ni ya bure na huhifadhi mchoro katika SVG, aina ya faili inayotunza mchoro kama mistari na maumbo. Watumiaji wenyewe ni watu wa patasi, kipanya wamekishika ukubwani. Kiingereza cha menyu kiliwashinda, nikafanya tafsiri. Tafsiri nayo ikawashinda.

Kosa lilikuwa langu. Penye "Union" niliandika Muungano, penye "Difference" Tofauti, penye "Intersection" Makutano. Yote sahihi kwa mwalimu wa hesabu. Fundi mmoja alisoma Tofauti, akaniuliza: "Mwanangu, tofauti ya nini na nini?" Sikuwa na jibu fupi. Ile amri huchukua umbo la nyuma na kulitoboa kwa umbo la mbele, kisha umbo la mbele linapotea. Neno "tofauti" halisemi hata kimoja kati ya hayo matatu. Kuanzia hapo nilishika kanuni moja: jina liseme kipi kinabaki na kipi kinaondoka.

Hizi ndizo amri za menyu ya mistari (Path) zilivyotoka baada ya kusuguliwa. Union ikawa "Unga kuwa umbo moja". (Nilijaribu "Unga" peke yake, kama seremala anavyounga mbao, kwenye menyu ikasomeka unga wa ngano.) Difference ikawa "Toboa kwa umbo la mbele". Intersection na Exclusion nilizifanya jozi, "Bakiza panapokutana" na "Toa panapokutana", maana kazi zao zinapingana na mtu akishajua moja anaikisia ya pili. Division ikawa "Gawa kwa umbo la mbele". Cut Path ikawa "Kata ukingo", kwa kuwa hukata ukingo wa umbo la nyuma tu na kuuacha vipande vipande bila rangi ya ndani.

Utaona nimesema mbele na nyuma, sikusema juu na chini. Mwanzoni niliandika "Toa ya juu", na amri za kupanga tabaka zikawa "Peleka juu" na "Peleka chini". Kiswahili hakitofautishi juu ya kurundikana na juu ya kuelekea dari. Mtu alichagua waridi lililofichwa na pambo jingine, akabonyeza "Peleka juu", akakaa anangoja lipande kwenye kizingiti cha mlango. "Leta mbele" na "Peleka nyuma" hazina utata huo. Kwa ncha kabisa, zile za vitufe vya Home na End, ni "Leta mbele ya vyote" na "Peleka nyuma ya vyote".

Kidokezo kinachotokea ukisimamisha kipanya juu ya amri ndicho mahali pa maelezo marefu. Kwa "Toboa" niliandika: chagua maumbo mawili, la mbele litatoweka, la nyuma litabaki na rangi yake. Hilo la rangi ni muhimu, maana matokeo hurithi rangi na ukingo wa umbo la nyuma, na asiyejua hudhani programu imeharibika. Ujumbe wa makosa nao nilioutafsiri kwa ukarimu zaidi ni ule unaosema kwamba kimoja cha vitu vilivyochaguliwa si mstari. Mara nyingi sababu ni kwamba umechaguliwa mkusanyiko mzima. Ujumbe wetu unasema: "Kimoja kati ya ulivyochagua si mstari. Kama ni kundi, livunje kwanza."

Sasa "kundi". Kiswahili kina jozi nzuri za vitenzi vinavyotengua vyenyewe: funga na fungua, kunja na kunjua, funika na funua. Nilizifurahia mno. Group nikaita Funga, Ungroup nikaita Fungua, na siku hiyohiyo menyu ya faili ilikuwa na Fungua ya kufungua faili na Funga ya kulifunga. Mtu akitaka kutawanya kundi, anafungua faili jipya. Ikabidi iwe "Weka kundi" na "Vunja kundi". Jozi ya funika na funua niliibakiza kwa kazi ya kufunika picha kwa kivuli cha kijivu, Mask. Clip yenyewe ikawa "Tia ndani ya fremu", nayo Release ikawa "Toa kwenye fremu". Hapo sikuhitaji kueleza kitu kwa watu wanaotengeneza fremu kila siku, isipokuwa kwamba fremu lazima iwe kitu cha mbele.

Amri iliyoleta mabishano marefu ni Combine, Ctrl+K. Kwa kawaida watu huiita Unganisha, na Union pia huiita Unganisha. Lakini ukichukua duara kubwa na duara dogo ndani yake, Union hukuachia duara kubwa peke yake, kwa sababu dogo limemezwa. Combine huifanya mistari yote miwili iwe kitu kimoja bila kugusa umbo la yeyote, na kwa kawaida la ndani huonekana kama tundu. Hivyo ndivyo pete ya waridi inavyotengenezwa. Tuliita "Ambatanisha mistari", na kinyume chake, "Tenganisha mistari". Sijaridhika nayo asilimia mia, lakini hakuna aliyeichanganya tena na Unga.

Kuna kosa la sarufi ambalo tafsiri nyingi hulifanya, nami nililifanya: kuandika amri kwa kitenzi-jina. Kukata, Kutoa, Kuunga, Kugawa, Kugeuza. Menyu nzima ikaanza na Ku. Jicho linaloteremka kwenye orodha husoma herufi mbili tatu za kwanza tu. Zikifanana zote, msomaji analazimika kusoma kila neno hadi mwisho. Kuna hasara ya pili. Kwenye faili ya tafsiri, alama ya mstari wa chini kabla ya herufi huifanya herufi hiyo iwe ufunguo wa Alt. K zikijaa, ufunguo mmoja unarukaruka kati ya amri tano. Tumia kitenzi cha kuamuru: Kata, Toa, Unga, Gawa. Herufi ya ufunguo itafute katikati ya neno, konsonanti, kama "To_boa", kwa sababu karibu vitenzi vyote vyetu vya asili ya Kibantu vinaishia na a.

Njia za mkato za kibodi sikuzigusa. Ctrl na alama ya kujumlisha ni Unga, Ctrl na ya kutoa ni Toboa, Ctrl na nyota ni Bakiza. Ishara hizo hazina lugha, tena zikibadilishwa, kila somo la Inkscape lililoko duniani linakuwa halikufai.

Kuhusu maneno yenyewe. Path nimeiita "mstari", si "njia", kwa kuwa njia tayari ni mahali faili lilipo. Fill ni "mjazo", stroke ni "ukingo". Node nilitaka kuiita fundo, lakini kwa mchongaji fundo ni lile jicho gumu la mti linalovunja makali ya patasi, nikaita "nukta". Clone, nakala inayobadilika asili yake ikibadilika, watu walipendekeza "pacha". Pacha hamfuati mwenzake. "Kivuli" lingefaa sana, ila limeshachukuliwa na kivuli cha kweli kwenye vichujio. Ikabaki "mfuasi". Inafaa hasa kwa mchoro wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani: unachora kidaka kimoja, unatengeneza wafuasi arubaini, ukirekebisha tao la kile cha kwanza vyote vinafuata. Kukata uhusiano ni "Achisha mfuasi".

Simplify hapana kuitafsiri "Rahisisha". Nani anarahisishiwa? Amri hiyo hupunguza idadi ya nukta, na katika kupunguza hulainisha kona. Inaitwa "Punguza nukta". Jina likisema ukweli, mtu anasita kidogo kabla ya kubonyeza, na kusita huko ndiko nilikokutaka, maana ukiibonyeza mara nyingi kwa haraka inazidi kuwa kali kila mara. Ukipumzika kidogo ndipo inarudi kwenye kiwango chake cha kawaida. Jani la nakshi lenye ncha kali, baada ya mibonyezo minne ya haraka, linaweza kuwa kama kijiko. Vivyo hivyo Inset na Outset: "Kondesha" na "Nenepesha". Hatua yake ya kawaida ni pikseli 2, yaani karibu milimita 0.53, na kidokezo kinasema hivyo kwa milimita kwa sababu karakana haipimi kwa pikseli.

Stroke to Path ni "Geuza unene kuwa umbo". Mashine ya kukata hufuata katikati ya mstari na haioni unene wake. Mnyororo wa pambo uliochorwa kwa ukingo wa milimita 3 utakatwa kama uzi mmoja usipogeuzwa kwanza. Kidokezo: weka nakala kabla, maana baada ya kugeuza huwezi kubadilisha unene kwa kuandika namba.

Mapambo mengine hayakufaa kutafsiriwa, yalihitaji amri mpya. Kutengeneza waridi kwa kisanduku cha kupanga wafuasi kunahitaji kuweka safu 1 na nguzo 8, kusogeza kwa asilimia -100 kwa kila nguzo ili wafuasi wasitawanyike, kisha pembe ya 45. Hapo hakuna jina litakalosaidia. Muundo wenyewe ndio mgumu. Niliandika kiendelezi, yaani programu ndogo inayoiongezea Inkscape amri. Kiendelezi cha Inkscape ni faili mbili: moja ya .inx, ambayo ni XML yenye jina, id (kitambulisho chake) na sehemu za kujaza, na moja ya Python yenye darasa linalorithi inkex.EffectExtension. Zote mbili huwekwa kwenye folda ya extensions ya mtumiaji. Kwenye Linux ni ~/.config/inkscape/extensions. Ukibadilisha .inx, funga programu uifungue upya. Ukibadilisha Python peke yake, hakuna haja.

Jina lake ni "Waridi…" na zile nukta tatu zina kazi: zinaahidi kwamba kisanduku kitafunguka kabla ya jambo lolote kutendeka. Amri inayotenda papo hapo haipewi. Ndani kuna swali moja: "Petali ngapi?", namba nzima kuanzia 3 hadi 24. Sikuuliza pembe. Toleo la kwanza liliuliza, na kwa petali 7 mtu aliandika 51. Pembe halisi ni 51.43, ukizidisha 51 mara saba unapata 357, na zile digrii 3 zote huangukia kati ya petali ya mwisho na ya kwanza. Kwenye waridi lenye nusu kipenyo cha milimita 150, hilo ni pengo la ziada la karibu milimita 8 ukingoni, na mteja analiona akiwa barazani. Programu igawe 360 yenyewe.

Mtego wa vipimo uko humohumo. Faili moja ina kizio cha milimita, jingine cha pikseli. Ukiandika 150 moja kwa moja ndani ya msimbo, kwenye la kwanza ni milimita 150 na kwenye la pili ni milimita 39.7. Pitisha kila kipimo kwenye self.svg.unittouu("150mm"). Na ukifungua michoro ya kabla ya toleo la 0.92 la 2017, kumbuka zamani inchi ilikuwa pikseli 90, sasa 96. Ikipuuzwa, bamba la milimita 600 hutoka 562.5.

Id ya kiendelezi usiibadilishe hata jina likibadilika mara kumi. Njia za mkato zimefungwa kwenye id.

Kwa upande wa faili la tafsiri: nilianza na amri sitini hivi zinazotumika kila siku, zilizobaki zikaonekana kwa Kiingereza, na hakuna aliyelalamika. Kichwa cha faili hilo, sw.po, kinahitaji nplurals=2; plural=(n != 1), ili "Kitu %d kimechaguliwa" na "Vitu %d vimechaguliwa" viende mahali pake. Penye %s inayopokea jina la kitu, ngeli itakuumbua: umbo limechaguliwa, mstari umechaguliwa, nukta imechaguliwa. Andika "Umechagua: %s" na upatanisho unaepukika wote. Kisha ligeuze kuwa faili ambalo programu inalisoma: msgfmt -c --check-accelerators=_ -o inkscape.mo sw.po. Hiyo hukagua kama ufunguo wa Alt umesahaulika. Kama umerudiwa kwenye menyu moja haikwambii, hilo ukague kwa macho. Faili la .mo huingia share/locale/sw/LC_MESSAGES, na programu huwashwa kwa LANGUAGE=sw, lugha ya mfumo isiwe C, yaani ile ya msingi isiyotafsiri chochote.

Likija toleo jipya, msgmerge, chombo cha kuoanisha tafsiri ya zamani na maneno mapya, hubahatisha tafsiri za maneno yanayofanana na kuzitia alama ya fuzzy (hazina uhakika), na msgfmt huziruka, kwa hiyo amri uliyokwisha kuitafsiri inaweza kurudi Kiingereza ghafla. Usizifute alama hizo kwa mkupuo. Soma moja moja ukilinganisha na Kiingereza chake, la sivyo "Vunja kundi" itajikuta imebandikwa kwenye amri ambayo haivunji chochote.